Kabla hujatuma hela ya vifaranga vya kamba, hesabu meno kwanza

Niliahidi kwamba makala inayofuata ingekuwa ya mbolea ya kukuzia mpunga. Naomba mniwie radhi, mbolea itasubiri. Limetokea jambo lenye hela za watu ndani yake, na naona nikichelewa kuandika kuna mwingine atatuma.

Jumatatu walikuja ofisini vijana watatu wa hapa hapa kwenye kata yetu. Wana mabwawa mawili, wameshavuna perege mara mbili, hesabu zao wanaziandika kwenye daftari vizuri kabisa. Sasa wanataka kupiga hatua. Wameona kwenye simu kwamba kamba wakubwa wanaokwenda kwenye hoteli za Dar na Zanzibar bei yake haifanani hata kidogo na ya perege. Wakatafuta, wakampata muuzaji. Anasema ana vifaranga 5,000 vya "kamba wa maji baridi", anavileta mpaka Mpanda kwa basi ndani ya mifuko yenye oksijeni. Akawatumia na picha. Bei shilingi 600,000. Mmoja wao alikuwa ameshatuma kianzio cha 180,000.

Hawakuja kuniuliza kama wanunue. Walikuja kuniuliza, "Bwana shamba, hawa tutawalisha nini?"

Halafu mmoja akatoa kwenye begi chupa ya maji ya kunywa. Ndani kulikuwa na vidudu vyeupe vinavyopitisha mwanga, urefu kama sentimeta moja na nusu, vimekufa tayari. Ndugu yake ni mvuvi wa Ikola, vilinaswa kwenye kokoro la dagaa. "Na hawa je? Si ndio vifaranga vyenyewe? Kama wapo bure ziwani, kwa nini tununue?"

Nikawaambia tukae chini. Tulikaa karibu saa tatu, na haya ninayoandika ndiyo tuliyoyafanya, kwa sababu kila hatua mnaweza kuifanya wenyewe nyumbani kwa macho, lenzi ndogo ya mkononi, au hata kamera ya simu ukiikuza picha.

Shida ya kwanza ni neno lenyewe. Sisi tukisema "kamba" tumetaja wanyama wengi mno kwa pamoja. Watu wa pwani wenyewe wanatenganisha: kuna kambamiti, ndio hawa wa hotelini, kuna kambakochi, yule mkubwa mwenye gamba gumu la miiba na papasi ndefu nene, kuna uduvi, wale wadogo wanaokaushwa na kuuzwa kwa kopo. Huku kwetu bara yote hayo yanakuwa kamba tu. Ni sawa na mtu akwambie "nina mdudu kwenye mahindi" kisha ategemee umwandikie dawa.

Nyie wakulima wa mahindi hili mnalijua kuliko mnavyodhani. Mnakumbuka 2017 viwavijeshi vamizi walipotuingilia? Watu walidhani ni wale viwavijeshi wa zamani wanaokuja kwa makundi na kuondoka. Mpaka tulipojifunza kuangalia alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa kama pembe za mraba karibu na mkia, ndipo tukajua huyu ni mwingine, Spodoptera frugiperda, na yule wa zamani ni Spodoptera exempta. Ukoo mmoja, tabia tofauti, na dawa pamoja na muda wa kupiga vikabadilika. Kamba ni hivyo hivyo. Ukishajua ni yupi, umeshajua anataka maji gani.

Nilimpigia mama mmoja anayepikia hoteli mjini, akatupa kamba sita wa kugandishwa kutoka kwenye friza yake, wakiwa na vichwa. Hilo la vichwa ni muhimu. Kamba aliyekatwa kichwa ni kama gari lililong'olewa namba. Nikawaweka kwenye sinia wayeyuke, na tukaanza.

Kwanza tujue anakaa wapi kwenye orodha ya viumbe. Kamba ni wa kundi kubwa la wanyama wenye miguu ya viungo na gamba la nje, pamoja na nge, siafu na panzi. Ndani yake yumo kwenye krasteshia, pamoja na kaa. Ndani ya krasteshia yumo kwenye oda ya Dekapoda, maana yake "miguu kumi": jozi tano za miguu ya kutembelea. (Naam, sisi ni watu wa Magamba, gamba hatuwezi kulikosa.) Mpaka hapo wote wako pamoja, wa baharini na wa ziwani.

Njia inagawanyika baada ya hapo, na huu mgawanyiko ndio wenye hela. Upande mmoja kuna kundi linaloitwa Dendrobrankiata. Dendro ni mti kwa Kigiriki. Viungo vyao vya kupumulia vimegawanyika kama matawi ya mti. Humu ndimo ilimo familia ya Penaeidae, yaani kambamiti wa baharini karibu wote wa biashara. Upande wa pili kuna kundi la Karidea, ambalo lina wa baharini na pia lina wa maji baridi wengi, wakiwemo wa Ziwa Tanganyika. Viungo vya kupumulia huna haja ya kuvipasua. Kuna alama tatu za nje.

Alama ya kwanza ni mabati. Geuza kamba umtazame ubavuni. Mkia wake una pingili sita, na kila pingili ina bati linaloshuka ubavuni. Kwa kambamiti wa baharini yanalaliana kama mabati ya nyumba: la kwanza linafunika ukingo wa la pili, la pili linafunika la tatu, moja kwa moja mpaka nyuma. Kwa Karidea fundi amekosea: bati la pili limekuwa pana, limefunika la nyuma yake na la mbele yake pia. Ukiliona bati la pili limelala juu ya jirani zake wote wawili, huyo si kambamiti. Alama hii haibadiliki awe mbichi, amegandishwa au amechemshwa, ndiyo maana naipenda.

Ya pili ni magando. Kambamiti ana vigando vidogo kwenye jozi tatu za mwanzo za miguu, na vyote vinalingana lingana, hakuna mguu wa kutisha. Karidea ana magando kwenye jozi mbili tu. Na wale wakubwa wa maji baridi wanaofugwa Asia, jina lao Macrobrachium, jozi ya pili ni mikono mirefu kabisa, wakati mwingine mirefu kuliko mwili. Hilo jina lenyewe maana yake ni "mkono mkubwa".

Ya tatu ni mayai. Jike la Karidea hubeba mayai yake chini ya tumbo, ameyakumbatia kati ya miguu ya kuogelea, mpaka yaanguliwe. Jike la kambamiti halibebi. Linayaachia majini, laki kadhaa kwa usiku mmoja, basi. Kwa hiyo ukiona kamba ana mayai tumboni kwa nje, usiendelee kubishana na mtu.

Tukachukua picha ya yule muuzaji. Vijana wakaikuza wenyewe. Mabati: yamelaliana kama ya nyumba. Miguu: mifupi, vigando vidogo mbele, hakuna mkono mrefu. Mmoja wao akasema kabla yangu, "Huyu ni wa baharini." Kumbe! Na muuzaji ameandika chini yake "wa maji baridi".

Wa baharini yupi sasa? Hapo ndipo tunahesabu meno.

Kamba ana mwiba mrefu unaotoka katikati ya macho kwenda mbele, kama msumeno. Una meno juu, na mara nyingi una meno chini. Hesabu ya juu inaanzia nyuma, kwenye yale meno yaliyoko juu ya gamba la kichwa nyuma ya macho, usiyaruke. Kwenye pwani yetu, kuanzia Tanga, Bagamoyo na Saadani, Rufiji na Mafia mpaka Kilwa, utakutana na watano hivi.

Anayevuliwa kwa wingi zaidi ni kamba mweupe, Penaeus indicus. Mwili unapitisha mwanga, mwiba ni mrefu na umepinda kidogo kama herufi S iliyolala, juu meno 7 hadi 9, chini mara nyingi 4 au 5, wakati mwingine 6. Wa pili kwa umaarufu, na ndiye mkubwa kuliko wote, ni yule wa milia mipana myeusi, Penaeus monodon. Huyu anaweza kufika sentimeta 33, yaani urefu wa rula ya shule na zaidi. Juu 7 au 8, chini mara nyingi 3. Kuna ndugu yake anayemfanania sana kwa milia, Penaeus semisulcatus, na hata meno yanakaribiana. Watu wengi sana wanawachanganya. Tofauti yao angalia papasi zile ndefu: za semisulcatus zina mistari mistari, za monodon zina rangi moja ya kijivu kahawia. Ukiwa naye mkononi, tazama mguu wa tano kwenye shina lake kwa lenzi. Semisulcatus ana kijitawi kidogo pale, monodon hana.

Wa nne ni Penaeus japonicus, milia yake ni ya kahawia na njano iliyopangika vizuri kama kitambaa, na ncha za mkia zina bluu. Wa tano ni Metapenaeus monoceros, mdogo, rangi ya kahawia, ana manyoya mafupi sehemu sehemu za mwili, na meno yake yako juu tu. Chini hakuna hata moja. Huyo ni rahisi kuliko wote.

Rangi msiitegemee sana. Kamba akishachemshwa wote wanakuwa wekundu, kwa sababu rangi nyekundu ilikuwepo siku zote, ila ilikuwa imefungwa na protini; moto ukiivunja protini rangi inatoka. Na friza nayo inafifisha milia. Ndiyo maana tunahesabu meno.

Picha ya muuzaji: juu 7, chini 3, milia mipana, papasi rangi moja. Kwa picha nakubali kwamba huyo ni Penaeus monodon. Kamba sita wa friza: juu 8, chini 5, mwiba umepinda, hao ni indicus wote sita. Vijana walihesabu wenyewe, walikosea mmoja tu kwa sababu mwiba ulikuwa umevunjika ncha.

Majina nayo yana mtego wake, niseme hapa haraka. Johan Christian Fabricius, mwanafunzi wa Linnaeus, ndiye aliyempa monodon jina mwaka 1798. Indicus alipewa lake na H. Milne Edwards mwaka 1837. Halafu mwaka 1997 wataalamu wawili, Pérez Farfante na Kensley, wakaigawa jenasi ya Penaeus katika jenasi kadhaa, hivyo indicus akaanza kuitwa Fenneropenaeus indicus na japonicus akaitwa Marsupenaeus japonicus. Kuanzia 2011, baada ya vipimo vya vinasaba, wengi wamerudisha wote kwenye Penaeus. Kwa hiyo ukisoma kitabu kimoja Fenneropenaeus na kingine Penaeus, mnyama ni yule yule. Mwangalie jina la pili, hilo halijabadilika. Nasema hivi kwa sababu muuzaji anaweza kukuuzia "aina mbili" kwa majina mawili ya kamba mmoja.

Sasa ile chupa ya Ikola. Tulimwaga kwenye sahani nyeupe, tukaweka lenzi. Bati la pili limefunika jirani zake wote wawili. Magando kwenye jozi mbili, na kwenye ncha ya kila gando kuna kishungi cha nywele kama brashi ya kunyolea ndevu. Hiyo brashi ni alama ya familia ya Atyidae. Wanakwangulia na kukusanyia chakula laini cha kwenye mawe na matope. Kisha yule kijana mwenye chupa akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu ana mayai."

Ana mayai. Sentimeta moja na nusu, na ni mama mzima.

Mnaona sasa? Si kifaranga cha mtu. Ndio ukubwa wake wote. Ungemlisha pumba na mashudu miaka mitatu asingefika hotelini. Ziwa Tanganyika lina aina zaidi ya kumi za kamba hawa wadogo, na hawapatikani kwingine kokote duniani: jenasi za Limnocaridina, Caridella na Atyella. Yuko pia mwenye magando ya familia nyingine, Macrobrachium moorei, naye ni mdogo. Msiwadharau. Wao ni chakula cha migebuka, na mgebuka mnajua bei yake Karema.

Kama mlidanganyika kwamba hawa ni wa baharini, msione aibu. Aliyewahi kudanganyika kabla yenu ni msomi mkubwa. Mwingereza J.E.S. Moore alikuja Ziwa Tanganyika mwaka 1896 na tena 1899. Akaona konokono wenye makombe mazito kama ya pwani, akaona kamba na kaa, akaona na viumbe wa ute wanaoelea, wale wa jamii ya kiwavi cha baharini kinachowasha waogeleaji kule Dar. Akasema haiwezekani, ziwa hili lazima zamani lilikuwa mkono wa bahari, bahari ikaondoka viumbe wakabaki. Mwaka 1903 akatoa kitabu kizima juu ya hilo. Kamba wake alivichambua mtaalamu W.T. Calman, mwaka 1899, na ndipo jina moorei lilipotoka. Baadaye elimu ya miamba ikaonyesha kwamba ziwa limetokana na ufa wa ardhi, lina umri wa mamilioni ya miaka, na halikuwahi kuwa bahari. Wale viumbe walifanana na wa pwani kwa sababu ziwa ni kubwa na la zamani mno, wakapata muda wa kubadilika humo humo. Moore alitazama sura ya jumla. Ukitazama sura ya jumla, hata mimi ningesema bahari.

Turudi kwenye hela. Kwa nini nawasumbua kwamba monodon ni wa baharini? Kwa sababu ya maisha yake. Anataga baharini, nje kwenye maji ya chumvi kamili. Yai linaanguliwa, mtoto anapita hatua tatu, nauplio, zoea na misisi, kila moja ina umbo lake na chakula chake, ndipo anakuwa kamba mdogo anayesogea kwenye mikoko kukua. Bahari ina chumvi kama gramu 35 kwa lita. Bwawani monodon hukua vizuri kwenye gramu 15 hadi 25. Mafia kuna shamba la kamba hawa, na maji wanavuta kutoka baharini pale pale. Sisi Magamba maji yetu ni ya mto na mvua.

Kijana mmoja hakukubali haraka, na nampongeza. Akasema, "Tuweke chumvi." Haya, tupige hesabu. Bwawa lao ni mita 20 kwa 10, kina mita moja. Hizo ni mita za ujazo 200, yaani lita 200,000. Kwa gramu 15 kila lita unahitaji kilo 3,000. Tani tatu! Mifuko 60 ya kilo 50, kwa bwawa moja, na mvua ya masika ikijaza utaongeza tena. Na hiyo chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini tu, wakati kamba anahitaji pia magnesi, kalsi na potasi kwa uwiano wa bahari. Zikikosekana anashindwa kujivua gamba na kutengeneza jipya, anakufa laini.

"Basi maji ya Ziwa Rukwa, yale yana chumvi tayari." Hapana bwana. Rukwa ni maji ya magadi. Ulimi wako unasema chumvi, lakini ni chumvi nyingine, na ugumu wake ni mwingine.

Kinachonitisha zaidi si kamba kufa. Ni ile chumvi inakokwenda. Bwawa la udongo linavuja, hata lile zuri. Chini ya mabwawa yao kuna bustani ya maharage ya mama mmoja, na mbele kidogo ni majaruba ya mpunga. Thailand walipita njia hii. Miaka ya 1990 wakulima wa nyanda za ndani, mbali na pwani, walikuwa wanaletewa maji ya chumvi kwa malori wafuge monodon kwenye ardhi ya mpunga. Hela waliipata. Lakini ugomvi wa ardhi kuharibika kwa chumvi ulikuwa mkubwa, mpaka mwaka 1998 serikali yao ikapiga marufuku ufugaji huo kwenye maeneo ya maji baridi. Huyo mama wa maharage hawezi kusubiri serikali.

Najua wapo watakaoniandikia kwamba kuna kamba anayefugwa bara. Ni kweli, na sitaki mseme nimeficha. Yupo Penaeus vannamei, asili yake pwani ya Pasifiki kuanzia Mexico mpaka Peru. Akizoeshwa pole pole anavumilia chumvi ndogo sana, hata nusu gramu kwa lita, ilimradi madini mengine yapo sawa. Meno yake chini ni 2 hadi 4, kwa hiyo anaweza kugongana na monodon kwa hesabu, ila yeye hana milia mipana, ni mweupe. Na yupo Macrobrachium rosenbergii wa Asia, yule wa mikono mirefu, anayekua kwenye maji baridi kabisa. Lakini hata huyu watoto wake wachanga wanahitaji maji ya chumvichumvi mpaka wapite hatua za mwanzo. Kwa hiyo mtu akikwambia anazalisha rosenbergii bara, muulize maji ya chumvi ya kuangulia anayatoa wapi. Kama hana jibu, hana vifaranga.

Wote wawili ni wageni kwetu. Kuingiza kiumbe hai cha majini kutoka nje kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003, na sababu si urasimu tu. Kuna ugonjwa wa madoa meupe, wa virusi. Mtu haumdhuru, lakini bwawa la kamba unaweza kulimaliza ndani ya siku chache. Ulionekana Asia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2011 ukaingia kwenye mashamba ya Msumbiji, 2012 Madagaska. Unapiga kamba na kaa wa aina nyingi. Sasa fikiria mtu anafungua mfuko wa vifaranga visivyojulikana Mpanda, na maji anayamwaga kwenye mto unaoelekea Rukwa au ziwani, kwenye wale wadogo ambao dunia nzima wako hapa tu.

Mimi mwenyewe nilishakosea, niwaambie. Nilipokuwa mazoezini pwani nilipewa ndoo nipange kamba kwa aina, nikawaweka semisulcatus wote kwenye monodon kwa kuangalia milia. Msimamizi hakusema kitu. Alichukua mmoja, akaninyooshea papasi mbele ya macho, akaondoka.

Vijana walimpigia muuzaji pale pale mbele yangu, simu kwenye spika. Wakamuuliza maswali tuliyoandika: jina la kitaalamu la kamba wako ni lipi, kituo cha kuangulia kiko wapi, kibali kiko wapi, vifaranga vimetoka kwenye maji ya gramu ngapi. La kwanza alijibu "ni wa maji baridi tu, kaka." La pili, "viko Dar." La tatu akakata. Baadaye ikawa haipatikani. Ile 180,000 nimewashauri wakaripoti polisi na kwa kampuni ya simu wakiwa na ujumbe wote, wasiufute. Zile 420,000 bado wanazo, na wamesema watanunua vifaranga vya kambale, bwawa la pili. Chakula chake tutakiandika hapa.

Kama una kamba wa aina yoyote unataka tumtambue, awe wa ziwani, wa mtoni au wa dukani, mlete akiwa mzima na kichwa chake. Akiwa hai mweke kwenye chupa ya maji yale yale aliyotoka. Akiwa amekufa mtie kwenye spiriti, kiasi cha kumfunika kabisa, na humo humo ndani uweke kikaratasi chenye mahali alipotoka, tarehe na chombo kilichomvua. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti, tunabaki na kamba asiye na kwao. Niko ofisi ya kata Jumanne na Alhamisi asubuhi, lenzi iko kwenye droo.